Je, Majiko Yanapika?

Alhamisi ile Gallus Hegetschweiler alichelewa kushuka kunywa kahawa kwa dakika nne tu, na dakika nne zikatosha kumharibia mwezi mzima. Dada yake Idda, aliyekaa ghorofa ya chini, alikuwa ameshalifungua gazeti la mji, ameshapita tanzia, ameshapita ratiba ya gari la taka, na sasa kidole chake kilikuwa kimeganda kwenye ukurasa wa tatu.

"Galli," akasema bila kuinua kichwa, "humu Oberschlatten kuna akina Gallus Hegetschweiler wangapi?"

"Mmoja tu. Mji una bahati."

"Basi huyo mmoja amepeleka hoja barazani. Nikusomee?" Hakungoja jibu. "'Mji usitoe tena fedha za misaada ya nchi za nje ila kwa kazi iliyothibitika kuwa inafaa. Kila mwaka mtu aulize kama bado inafaa, na majibu yasomwe mbele ya mkutano, yawe matamu, yawe machungu.' Sahihi, Gallus Hegetschweiler, mfagia dohani mstaafu." Akavua miwani. "Machungu. Umeandika machungu."

"Nilitaka kukwambia jana, dada."

"Jana ulikula viazi vyangu vya kukaanga sahani mbili. Mdomo ulipata nafasi ya viazi, ukakosa nafasi ya neno moja?"

Na Gallus alijua ndivyo ilivyokuwa. Barua aliipeleka barazani wiki mbili nyuma, akajihesabia kwamba gazeti litaitoa wiki ijayo, na katikati hapo atapata siku nzuri, dada yake akiwa amelala vizuri na mkate umeumuka vizuri, amweleze pole pole. Siku nzuri ya aina hiyo haijawahi kuonekana katika ukoo wa Hegetschweiler, lakini yeye ni mtu wa matumaini.

Kwa sheria ya miji midogo ya jimbo lile la Uswisi, kalamu moja na sahihi moja ya mwenye haki ya kura vinatosha kuulazimisha mkutano mzima wa wakazi kuamua jambo. Watu wengi huitumia haki hiyo kwa mbwa, taa za barabarani, na jirani anayepanda miti inayoziba jua. Hakuna aliyekumbuka hoja ya mtu kumhusu dada yake.

Maana misaada ilikuwa ni Idda. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwenyekiti wa kamati yake, na kwa miaka kumi na moja sehemu kubwa ya zile faranga elfu thelathini za kila mwaka ilikwenda kununua majiko ya jua, masahani makubwa yenye kung'aa kama kioo, kwa kijiji kimoja cha milimani huko Bolivia. Majiko ya kwanza kabisa aliyanunua kwa keki alizooka mwenyewe na kuziuza mlangoni mwa kanisa. Pale jikoni, juu ya pipa la mkate, ilitundikwa picha ya mama mmoja mwenye kofia ya duara, amesimama kando ya sahani lake akitabasamu.

"Hii," Idda akasema, akilikunja gazeti vipande vinne, "ni kwa sababu ya Desemba, sivyo?"

Ilikuwa kwa sababu ya Desemba.

Desemba mkutano ulikaa dakika hamsini ukibishana kuhusu benchi la makaburini, liwe la mbao au la chuma, lielekee mlima au lielekee kanisa. Watu wazima nusura washikane mashati. Kisha ikaja misaada, na kabla mtu hajamaliza kupenga kamasi, elfu thelathini zimepita. Gallus akanyoosha mkono. Alitaka kuuliza kitu kidogo tu.

"Je, majiko yanapika?"

Watu wakacheka. Idda akasimama, akasema wanakijiji wametuma barua ya shukrani na picha, akaketi. Gallus naye akaketi, lakini swali halikuketi. Lilimfuata nyumbani, likalala naye, likaamka kabla yake. Yanapika nini? Yanachukua muda gani? Mvua ikinyesha je? Alishangaa kwamba katika watu mia na hamsini hakuna aliyekuwa na hamu ya kujua, na wote walitaka kujua benchi litaelekea wapi.

Msimshangae. Mfagia dohani, msafishaji wa mabomba ya moshi, haondoki nyumbani kwa watu kwa sababu amefagia. Anaondoka kwa sababu ameingiza kichwa, ametazama juu, ameona kipande cha mbingu. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, Gallus aliondoka nyumba moja bila kutazama, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na kulikuwa na dansi. Mle ndani ya dohani kulikuwa na kiota cha kunguru. Mama wa nyumba na watoto wawili walitolewa nje wamezimia kwa moshi. Walipona. Gallus ni mtu wa kuchekesha, anaweza kukuchekesha hata ukiwa kwa daktari wa meno, lakini kisa hicho hajawahi kukisimulia kwa kicheko.

"Sitaki kukuaibisha," akamwambia dada yake. "Nataka kujua tu."

"Kunywa kahawa yako," Idda akasema, "kisha uende juu."

Asubuhi iliyofuata mlango wa chini ulikuwa umefungwa. Miaka kumi na tisa, tangu mkewe Gallus afariki, ndugu hao wawili walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila siku. Idda hakuwahi kuolewa, Gallus hakujaliwa mtoto. Ukiondoa ile meza ya jikoni, kila mmoja wao alikuwa na ukuta tu wa kuongea nao. Gallus alisimama ngazini na soksi zake, akasikia redio ya dada yake ikisoma habari za hali ya hewa, na ndipo akaelewa alichokiweka rehani.

Vita yenyewe ilipiganwa katika chumba cha kufulia. Ufunguo wake huning'inia mlangoni kwa Idda, na siku ya Gallus ni Jumatano. Hata Papa wa Roma akija kufua Jumatano ataambiwa asubiri. Jumatano ufunguo haukuwepo. Palikuwa na karatasi, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu: *Leo pameshikwa.* Alhamisi pameshikwa. Ijumaa pameshikwa. Mwanamke mmoja wa miaka sabini na mmoja alikuwa anafua kama anayefulia jeshi.

Gallus akafulia mashati kwenye beseni la kuogea.

"Unanukia sabuni ya kunyolea," Köbi Rüegg, mfugaji, akamwambia walipokutana kwenye kiwanda cha jibini. "Umepata mchumba?"

"Nimepoteza dada."

"Aa, ile hoja." Köbi akatazama kulia na kushoto, kana kwamba ng'ombe wangemsengenya. "Hoja yako nzuri, Galli. Naiunga mkono kabisa. Nitakunyooshea mkono, lakini nitakaa nyuma ya nguzo."

"Tunakutana ukumbi wa mazoezi, Köbi. Hauna nguzo."

"Basi hapo ndipo penye tatizo."

Na kweli tatizo lilikuwa hapo. Kura hupigwa kwa kunyoosha mikono, mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake. Idda alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minane. Nusu ya mkutano alikuwa amewafundisha kusoma, na nusu nyingine amewafundishia watoto. Kunyoosha mkono kwenyewe yeye ndiye aliyewafundisha. Nani angeunyoosha dhidi yake?

Lakini mwenyekiti wa baraza, Bwana Läubli, alikuwa mtu wa kupima. Hoja ikishaletwa, baraza lina haki ya kuweka hoja yake kando yake, watu wachague. Na mwenye hoja ya kwanza akiridhika, anaweza kufuta ya kwake. Kazi ya kuiandika hoja ya baraza akampa nani? Mwenyekiti wa kamati ya misaada. Kwa hiyo kwa wiki mbili Gallus alilala kitandani mchana akisikia kupitia sakafu taipureta ya dada yake ikimjibu.

Siku ya kumi na saba Idda alipanda ngazi. Hakubisha hodi, alikohoa.

"Soma," akasema, akaweka karatasi mezani, akabaki amesimama.

Gallus akasoma. Baraza lilipendekeza fedha za misaada ziwe maradufu, elfu sitini kwa mwaka, zitolewe "kwa uangalifu mkubwa." Akageuza karatasi kutazama upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

"Maradufu," akasema. "Kubwa hilo. Umewapataje hao wabahili?"

"Nimewakumbusha waliokuwa wakinakili kazi za wenzao darasani. Utafuta yako?"

Naye alitaka kufuta. Jamani, alitaka. Elfu sitini si mchezo, na kahawa ya peke yake ilikuwa inamshinda kumeza.

"Na nani atatazama?" akauliza.

"Uangalifu mkubwa."

"Huyo ni nani? Anakaa mtaa gani?"

"Usinifanyie dhihaka, Galli. Najua unakokwenda. Unakwenda kwenye kiota cha kunguru." Sasa akaketi, na alipoketi alionekana mzee. "Wewe kosa lako lilijulikana siku ileile. Ulilia, ukapigwa kofi na bosi wako, ukaanza upya Jumatatu. Mimi ni miaka kumi na moja. Kama hayapiki, ni miaka kumi na moja hayapiki, na mimi nina sabini na moja. Nitaanza upya lini?"

Gallus alitafuta mzaha mfukoni mwake kila upande, akakosa.

"Kwani wewe hutaki kujua?" akauliza.

"Nataka mno. Ndiyo maana siulizi."

Nje trekta la mtu lilipita, likachukua muda wake.

"Haya, nakupa hili," Gallus akasema. "Waulize wewe. Si kamati, wewe. Ukishawauliza, nafuta hoja yangu, na jibu usinipe. Kaa nalo mwenyewe. Nitatazama uso wako tu nijue umeuliza."

"Na ukishatazama uso wangu si utajua jibu?"

"Hilo siwezi kulizuia. Umenizidi miaka mitano na bado hujui kuficha kitu."

Idda akachukua karatasi yake. Mlangoni akageuka, kana kwamba atasema neno, akasema, "Shati lako halijasuuzwa vizuri," akashuka.

Kutoka siku hiyo hadi mkutano zilikuwa siku tisa. Hakuja. Gallus akaandika hotuba, akaichana, akaandika nyingine fupi zaidi, akaichana nayo.

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya Juni, saa nne asubuhi, ukumbi wa mazoezi wa shule, kamba za kupandia zikiwa zimefungwa ukutani. Walihesabiwa watu mia moja arobaini na watatu. Gallus aliketi safu ya pili. Idda aliingia akiwa na Dolores wa duka la mikate, akaketi safu ya kwanza, mgongo wake umenyooka mbele ya macho ya ndugu yake, na katika mgongo huo hakuweza kusoma kitu chochote.

Bwana Läubli akazisoma hoja zote mbili kwa sauti ya mtu asiye na upande, akauliza nani anataka kusema. Idda akanyoosha mkono, akasimama. Kimya kilichoingia kilikuwa kile cha darasa la kwanza, ingawa wengine walikuwa na vipara.

"Jumanne nimempigia simu mwalimu wa kule kijijini," akasema. "Anaitwa Bibi Felipa Condori. Dolores anajua Kihispania, amenisaidia. Nimemwuliza: je, majiko yanapika?"

Gallus akasogea ukingoni mwa kiti.

"Hayapiki," Idda akasema. "Wanawake wa kule wanapika alfajiri, kabla ya kwenda shamba, na wanapika jioni wakirudi. Jua likiwa kali wao wako shambani. Alfajiri jua halipo, jioni jua limekwenda. Mwaka wa kwanza walijaribu. Waliacha kulima, wakakaa kuvilinda viazi visiibwe na mbwa, vikaiva nusu. Wakarudia kuni zao."

"Sasa yote yale yanafanya nini?" sauti ya Köbi ikatoka nyuma.

"Nyoosha mkono kwanza, Köbi." Köbi akanyoosha. "Yanafukuza ndege. Wameyasimamisha mashambani, yanageukageuka na upepo, yanamulika, ndege hawatui. Bibi Felipa anasema mavuno yamepanda."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega, Bwana Läubli akajificha nyuma ya karatasi zake. Idda akangoja, mikono ameikunja, kama alivyokuwa akingoja darasa litulie, wala hakuwakemea. Kicheko kikapungua, kikabaki kimoja cha mtu asiyejua kusimama, kikafa nacho.

"Nimemwuliza kwa nini hawakutuambia miaka yote hii," akasema, na sauti sasa ilikuwa chini. "Akaniambia: kila mwaka mlituuliza kama tumeyapokea. Tumeyapokea." Akatazama sakafu. "Ni kweli. Nina nakala za barua zangu. Zote zinauliza kama yamefika. Nikamwuliza, je, mngeulizwa mnataka nini, mngesema nini? Hata hakufikiri. Anasema muuguzi huja kwao Jumatatu tu, na watoto hawaugui Jumatatu tu. Wangeomba aje mara mbili."

Hakuna aliyecheka tena.

"Kwa hiyo hoja ya baraza naiongezea maneno, na Bwana Läubli ameshaniruhusu. Fedha ziwe maradufu. Kabla ya kutoa, tuwaulize wenyewe, na tutake ushahidi kutoka mahali ambapo jambo hilo limeshafanywa. Kila Juni mtu asimame hapa aseme limekwendaje. Mwaka huu nimesimama mimi." Akaketi.

Mkono wa Köbi tena. "Mimi naona hatari. Tukiuliza kila mwaka, si tutaletewa mabaya kila mwaka?"

"Mengine yatakuwa mabaya," Idda akasema bila kugeuka. "Utazoea. Jedwali la kuzidisha ulilizoea."

"Bwana Hegetschweiler," Bwana Läubli akasema, "unaifuta hoja yako?"

Gallus akasimama. Hapa, kusema kweli, kijidudu kidogo kilimng'ata. Hoja yake ingeingia katika kitabu cha mji kwa jina lake, Hegetschweiler Gallus, mfagia dohani, na vitukuu wa watu wengine wangelisoma. Ya dada yake ingeingia kwa jina la baraza. Tena katika hoja ya dada yake kulikuwa na tundu la kuziba.

"Nina swali," akasema. "Jibu likiwa baya, mwaka unaofuata fedha zinakwenda wapi?"

Idda akageuka kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu na makali vilevile. "Zinakwenda kwa wenye jibu zuri. Au kwa walewale, kwa kitu walichokiomba. Si inajulikana?"

"Uangalifu mkubwa nao ulikuwa unajulikana. Liandike, dada."

Mtu akaguna. Idda akamnyang'anya Bwana Läubli kalamu, akaandika sentensi mbili pembeni mwa karatasi, akazisoma kwa sauti, akaweka nukta kwa nguvu hadi safu ya tatu wakaisikia.

"Nafuta," Gallus akasema.

Mikono ikanyooshwa. Mia moja na kumi na wanane wakakubali, kumi na tisa wakakataa, wengine sita walikuwa bado wanafikiri au wanasinzia. Köbi aliunyoosha wake juu kuliko wote, mchana kweupe, bila nguzo.

Baadaye, uani, kulikuwa na mvinyo mweupe na jibini kama kawaida. Watu walimjia Idda mmoja mmoja. Wengine hawakujua waseme nini, wakamsifia blauzi. Mama mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alimshika mkono akauachia bila kusema. Wote walipokwisha kupita, ndugu wawili wakajikuta wamesimama penye vyuma vya kuegeshea baiskeli, kila mmoja na glasi yake.

"Jumanne," Gallus akasema.

"Jumanne. Nilikata mara mbili kabla hajapokea."

"Ulikuwa hulazimiki kuwaambia. Tulikubaliana ukae nalo."

"Tulikubaliana? Mimi nilikubali lini? Nilikwambia tu shati lako halijasuuzwa." Akanywa funda. "Nimelia siku tatu, Galli, uelewe hivyo. Na kwa jambo la gazeti bado sijakusamehe."

"Najua."

"Pasaka labda."

"Pasaka imeshapita, dada."

"Ya mwakani."

Gallus alikuwa akitazama mawingu, na Idda, aliyemjua tangu akiwa kwenye nepi, akajua kwamba kuna kitu kinamtembea kichwani.

"Haya sema."

"Ndege gani?"

"Nini?"

"Wale ndege wanaofukuzwa. Ni ndege gani? Maana kunguru wetu hapa ukimwekea kitu cha kung'aa anakuja mbio, anakiiba. Wale wanakimbia. Kwa nini wanakimbia?"

Mkunjo mmoja ukamwingia Idda katikati ya nyusi.

"Sikumwuliza," akasema.

"Na wamegunduaje? Nani alikuwa wa kwanza kulibeba jiko hadi shambani?"

"Sikumwuliza, nimekwambia!" Akatazama saa ya mnara wa kanisa, midomo ikihesabu. "Hapa saa sita. Kule saa kumi na mbili asubuhi."

"Atakuwa amelala."

"Alale nini, hukunisikia mle ndani? Saa hizi ameshapika, ameshakula, anafunga viatu." Akamsukumia glasi yake aishike, akaanza kupekua mkoba, miwani ikaanguka, leso ikaanguka, simu ikaonekana. Kisha akapaza sauti ile iliyokuwa ikivuka uwanja mzima wa shule, hadi kwenye meza ya jibini:

"Dolores! Acha kula, njoo!"